Mume wangu kauza korosho zikiwa maua, sasa kanoa shoka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu miaka 41, naishi kijiji kimoja wilayani Nachingwea. Mimi na baba watoto tuna mikorosho 112. Mingi aliiacha baba mkwe, mingine tumepanda wenyewe mwaka tuliooana. Tunalima pia mbaazi, na mahindi ya kula.

Mwezi wa saba mwaka huu binti yetu wa pili alichaguliwa kidato cha tano, shule iko Iringa. Fomu ya kujiunga ilipokuja niliandika kila kitu kwenye daftari: godoro, shuka, sare, ndoo, michango, nauli. Ikaja 310,000. Ndani tulikuwa na 40,000. Baba watoto akaniambia nisihangaike, atakopa kwa mtoto wa mjomba wake anayefanya biashara mjini. Baada ya siku tatu pesa ikawepo, mtoto akapanda basi, mimi nikamshukuru Mungu na huyo shemeji.

Oktoba tumeanza kuokota. Siku moja narudi kisimani nakuta pikipiki mbili uani, na shemeji huyohuyo anapima korosho kwa bakuli. Korosho nilizoanika mimi, nikazichambua moja moja mpaka mgongo ukagoma. Nikadhani anatania. Kumbe baba watoto alishaziuza tangu Julai, mikorosho ikiwa na maua. Kilo 600 kwa 1,200. Kangomba, Shangazi, ule ulanguzi wa bakuli unaonunua zao kabla halijaiva, nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyempikia chai.

Hesabu yake ni 720,000. Nikauliza iliyobaki baada ya mambo ya shule ilikwenda wapi. Akasema salfa ya kupulizia mikorosho, vibarua wa kufyeka na kupulizia, na simu. Simu niliiona. Wiki ileile jirani zetu waliopeleka ghalani zikauzwa kwa mnada walilipwa 2,600 kwa kilo mkononi, makato yakiwa yameshatoka.

Nilipolalamika alinijibu maneno ambayo sijaacha kuyafikiria. Alinihesabia kwa vidole: "Walisema limeni mbaazi, tukalima, 2017 zikakosa mnunuzi, tukazipika mpaka watoto wakawa wanazikimbia. 2018 tukaambiwa 3,300, tukasubiri mpaka tukachoka. Salfa mwaka huu bure, mwaka ujao nunua, mwaka mwingine jina lako halimo kwenye orodha. Jana mnada wa sanduku, leo mnada wa kwenye kompyuta. Wewe unaiamini ipi? Mwenye bakuli anakuja na pesa mkononi." Akatoka nje.

Sasa kaamua kukata mikorosho 40 ya upande wa bondeni apande ufuta, kwa sababu kuna kiongozi alipita kwenye mkutano wa hadhara akasema ufuta ndiyo pesa. Shoka kalinoa tangu Jumapili, liko nyuma ya mlango. Jirani kaja kuliazima mara mbili, kamnyima.

Shangazi, niende kwa mtendaji wa kijiji nikamshtaki shemeji? Nimwache baba watoto akate? Na je, yeye ndiye amekosea, au mimi ndiye sioni? Maana usiku nikipiga hesabu na mimi naona kama ana haki.

Mama wa Kidato cha Tano,
Nachingwea

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili kama shangazi, na mara ya tatu nikiwa na kalamu ya kuhesabia. Mimi pia nimelelewa chini ya mikorosho, upande wa Masasi. Mikono yangu inajua utomvu wa ganda unavyobabua.

Nianze na panapouma. Mwenzako alikuficha. Alikwambia kakopa, na kumbe kauza jasho lako kabla hujalitoa. Hilo ni kosa, na halina uhusiano wowote na serikali. Usikubali alifunike kwa hotuba ya mbaazi. Lakini ukimaliza kumwambia hilo, mwambie mara moja tu, kisha msikilize kwenye yale mengine. Kwa sababu mambo aliyokuhesabia kwa vidole nimeyapitia moja moja, na sikuona la uongo.

Mbaazi ni kweli. Agosti 2017 India, ambaye ndiye mnunuzi wetu mkubwa, ilijiwekea kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje. Huku kwetu watu walikuwa wameshalima kwa bei ya msimu wa nyuma. Zikashuka mpaka gharama ya gunia na usafiri ikawa kubwa kuliko mzigo wenyewe. India ikafungua tena Mei 2021. Ona basi: uamuzi umefanyika New Delhi, sufuria ya mbaazi imejaa jikoni kwako. Afisa ugani wa kata yako alikuwa hajui, na hata angejua asingeweza kuuzuia.

Korosho ya 2018 ni kweli, na ile ni ya hapahapa. Juni mwaka ule Bunge lilibadilisha sheria, fedha zote za ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Kabla ya hapo asilimia 65 zilikuwa zinarudi kwenye zao lenyewe, na salfa ya ruzuku ilitoka humo. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wakashindwa. Oktoba wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa bei za mnada. Novemba 10 mawaziri wawili wakaondolewa, wa kilimo na wa viwanda. Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, na jeshi likaanza kusomba magunia. Wengi tulishangilia, na mimi nikiwemo, sitajificha. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, wenye daraja la pili wakalipwa 2,640, na wapo walioula mwaka mpya na kuuvuka bila senti.

Na kabla ya hapo kulikuwa na ile ya malipo kwa mafungu: fungu la kwanza, fungu la pili, halafu la mwisho liitwalo majaliwa. Baba yangu alikuwa akisema majaliwa yameitwa vizuri, kwa sababu ni Mungu tu anayejua kama yatakuja. Aprili 2013 huko Liwale wakulima walitegemea fungu la pili la 600, wakaletewa 200. Nyumba zilichomwa.

Kwa hiyo mumeo si mpumbavu na wala si mvivu. Ni mtu aliyeungua. Tena nyinyi wa Nachingwea mna ushahidi mkubwa kuliko wote wa mipango inayokuja na ngoma na kuondoka usiku: Waingereza walileta mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakafyeka misitu, wakajenga reli kutoka pwani mpaka kwenu, 1951 wakaufuta mpango, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Muulize mzee yeyote hapo akuonyeshe ilipopita.

Lakini mwanangu, angalia kitu kimoja ambacho mwenzako hakukitia kwenye vidole. Mwenye kangomba naye anajua habari zote hizi. Ndiyo mtaji wake. Hanunui korosho tu, ananunua woga, na woga una bei yake kila Julai. Serikali ikibadilisha tamko, yeye anapunguza bei ya bakuli. Na bakuli halina mshale kama mizani. Ukiambiwa kilo 600 kwa bakuli, mimi niko tayari kuapa zilizidi.

Sasa tupige hesabu, na umwite naye akae.

Pengo lenu la Julai lilikuwa 310,000 toa 40,000, yaani 270,000. Kwa bei ya 1,200, hizo ni kilo 225. Yeye akauza 600. Kilo 375 zilizobaki hazikuuzwa kwa sababu ya mtoto, ziliuzwa kwa sababu mnunuzi alikuwa amekaa pale na pesa mezani. Simu ikaingia humo.

Tuseme mngekopa hizo 270,000 kwenye kikoba, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi minne. Ni riba nzito, siipendi, ila ndiyo iliyopo vijijini. Mngerudisha 378,000. Kwa 2,600 mkononi, hizo ni kilo 146. Yaani mngemsomesha binti kwa kilo 146 badala ya 225. Hiyo ndiyo faida ya kusubiri katika mwaka mzuri.

Nisikudanganye kuhusu mwaka mbaya. Bei ikianguka mkapata 1,500 mkononi, lile deni lilelile la 378,000 linameza kilo 252. Hapo mwenye bakuli anakuwa amekushinda kwa kilo 27. Kwa hiyo mtu anayekwambia ghala hushinda kila mwaka anakuuzia kitu. Ila pima: mwaka mzuri mnaokoa kilo 79, mwaka mbaya mnapoteza 27. Mimi ningesubiri. Na ningekopa kile tu kinachohitajika, kwa sababu aliyekopa kidogo haamki usiku kusikiliza redio bei imefika wapi.

Tatizo lenu mwanangu lina miezi minne. Kidato cha tano kinafunguliwa Julai, korosho zinalipa kuanzia Oktoba. Katikati hapo hamna kitu, na ndimo kangomba anamoishi. Mngekuwa na 270,000 mwezi wa saba, matamko yote ya Dodoma yangewapita kama gari la abiria.

Na hapa ndipo ninapomshangaa mumeo, kwa sababu dawa kaishika mkononi na anataka kuitumia vibaya. Ufuta. Ufuta unapandwa mvua za Januari na Februari, unavunwa Mei na Juni, minada yake huwa Juni na Julai. Pesa yake inaingia palepale penye pengo! Mbaazi zinafuata Agosti na Septemba, kisha korosho. Yule kiongozi sijui alikuwa na lake gani, lakini katika hili amegonga kichwa cha msumari bila kukusudia.

Kosa ni kukata mikorosho ili kuupisha. Ufuta ni wa msimu mmoja: mwakani bei ikiharibika mnaupa kisogo, hamjapoteza zaidi ya mbegu na jasho. Mkorosho ukiukata, mwingine utakuchukua miaka mitatu mpaka mitano kuanza kuonja kitu cha maana, na zaidi ya hapo kufika pale ulipokuwa. Zao la kuhama-hama lipande kwenye ardhi ya kuhama-hama. Mna shamba la mahindi, mna mbaazi. Anza na ekari moja hapo, au kwenye kile kipande ambacho mahindi yanatoka manjano kila mwaka. Kila mtu ana kipande kama hicho.

Kuhusu mikorosho na serikali, nitakupa hadithi moja umpelekee. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho. Ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa, mikorosho ikabaki mbali porini bila mtu wa kufyeka. Bei ya kumfikia mkulima ikawa kidogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia kwenye maua. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Wapo waliokata wakachoma mkaa, na hao walikuwa na hoja nzuri kama za mumeo. Wengine waliacha tu, wala si kwa busara, walichoka kwenda. Salfa ilipokuja na biashara ikafunguliwa, waliokuwa na miti ndio waliorudi kuvuna. Sina shaka baadhi ya hiyo aliyoiacha baba mkwe wako ilikuwepo wakati ule.

Kama hiyo 40 ya bondeni ni mizee, haizai, hilo ni jambo jingine. Hiyo hupunguzwa matawi au hubebeshwa vikonyo vya mbegu bora, na kituo cha utafiti wa korosho kiko Naliendele, Mtwara. Afisa ugani aje aione kwanza, mti kwa mti. Mkate mitatu kwa sababu imekufa. Msikate 40 kwa sababu mmekasirika.

Salfa. Umesema mwaka mwingine jina lilikosekana kwenye orodha, na naona ile 450,000 iliyobaki baada ya mambo ya shule, sehemu yake ilikwenda huko. Sasa hivi pembejeo za ruzuku zinafuata daftari la wakulima waliosajiliwa. Watu wengi wanalikumbuka daftari siku lori limeshafika. Nendeni ofisi ya kijiji mapema, mwezi wa kwanza au wa pili, mtazame kwa macho yenu: jina, namba ya simu, idadi ya mikorosho. Kama wameandika 12 badala ya 112, mtapewa salfa ya mikorosho 12. Na namba ya simu iwe ile inayopatikana, si ile aliyoitupa aliponunua simu mpya.

Na kwenye chama cha msingi, ule ushirika unaopokea korosho zenu, jina la nani limeandikwa? Nitabahatisha: lake peke yake. Lipa kiingilio na hisa, uwe mwanachama kwa jina lako, na sehemu ya mzigo iingie ghalani kwa jina lako na akaunti yako. Usimfanyie siri, usimlipe kwa sarafu yake. Mwambie mezani. Siku ya kupeleka mzigo simama pale kwenye mizani wewe mwenyewe, usome mshale, usiondoke bila stakabadhi yenye kilo na daraja. Na mkutano mkuu ukiitishwa nenda, hata kama wanaume wamekaa mbele wote. Bei ya dunia huiwezi, sera ya Dodoma unaisikia redioni kama mimi. Lakini shilingi ngapi zikatwe kwa kila kilo kwa ajili ya chama, hiyo inapita mbele ya wanachama, na mara nyingi inapita kwa sababu watu waliondoka kuwahi mvua.

Bajeti ya nyumba msiipange kwa bei iliyotangazwa. Chukueni bei ya chini kabisa mliyowahi kuipata misimu ya karibuni, mpange kwa hiyo. Ikija zaidi, mabati. Na Novemba, pesa ya korosho ikiwa bado ina harufu ya benki, toeni 300,000 ya Julai muiweke kwenye kikoba, kabla ya mabati, kabla ya kila kitu. Binti ana kidato cha sita bado, na wa tatu naye anakuja nyuma.

Shemeji. Kangomba ni kosa, hilo linajulikana. Lakini ukienda kwa mtendaji leo, atakayeulizwa wa kwanza ni mumeo aliyeuza, na korosho zenyewe zimeshapanda pikipiki. Sikushauri. Kinachotosha ni kwamba Julai ijayo akija na pesa mezani, mkae wote wawili, mumpe chai, mmwambie mwaka huu hatuuzi maua. Akiwa ndugu kweli atakopesha. Akikataa kukopesha na anataka kununua tu, mumeo atajifunza jambo ambalo mimi na wewe tukimwambia hatatuelewa.

Umeniuliza kama amekosea. Kwa kukuficha, ndiyo. Kwa kuuza kilo 375 zisizo na dharura, ndiyo. Kwa kutoamini kila anachoambiwa, hapana. Usimtake aiamini serikali, utapoteza muda wako na wewe mwenyewe huiamini, umekiri mwishoni mwa barua. Mwambie hivyo hivyo: "Sikuambii uwaamini. Nakuambia tusiwe na shida mwezi wa saba." Mwanaume aliyeungua hapendi kuambiwa hakuungua.

Mwonyeshe hizi hesabu jioni, akiwa ameshakula, daftari likiwa wazi kwenye ule ukurasa wa godoro na ndoo.

Jirani akija tena, mpe shoka. Mwambie asiwe na haraka ya kulirudisha.

Shangazi